Sentensi ambayo sikumwacha mume wangu aimalize

Ilikuwa jioni, taa ya chumbani bado haijawashwa. Mume wangu alikuwa ameegemea mito miwili, maana akilala chali pumzi ilikuwa inambana. Alinishika mkono akasema, "Mama watoto, mimi nikiondoka..." Hakufika mbali. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Nilimziba kabisa, nikakemea kwa jina la Yesu, nikamwambia mauti hayatatajwa ndani ya nyumba hii. Alinitazama kwa muda, kisha akageuzia uso ukutani. Siku kumi na tisa baadaye alikufa, na sentensi ile hakuirudia tena.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye yuko ndani ya tanuru sasa hivi, anayeomba na kufunga huku mgonjwa wake anazidi kudhoofika, na ambaye ameanza kuogopa kwamba akikubali kwa kinywa kile anachokiona kwa macho, atakuwa amemkana Mungu. Nilikuwa mwamini kabla ya hayo kutokea, na leo bado ni mwamini. Lakini katikati kuna kipindi ambacho imani yangu ilikuwa nyembamba kama uzi, na mara nyingi uzi wenyewe waliushika wengine. Makosa yangu makubwa niliyafanya nikiwa na Biblia mkononi na nia njema moyoni, ndiyo maana naona ni lazima niyaseme.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu na kuvimba miguu. Tulidhani ni kazi nyingi. Kumbe presha aliyoishi nayo miaka mingi bila kuifuatilia ilikuwa imeshazila figo zote mbili. Daktari alitueleza taratibu kwamba figo zikifika hatua ile hazirudi, na kwamba zimebaki njia mbili: apandikizwe figo ya mtu mwingine au damu yake isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Ndugu zake wawili walijitolea kutoa figo. Mmoja alikutwa na presha yeye mwenyewe, wa pili vipimo havikukubali. Tukabaki na mashine.

Siku ile ya kwanza mimi nilikuwa nalia, yeye alikuwa ameganda, na tulipotoka nje hakuna aliyekumbuka hata nusu ya tuliyoambiwa. Kama unakwenda kusikia habari nzito, nenda na mtu wa tatu ambaye moyo wake umetulia kidogo, ashike kalamu. Na muulize daktari swali ambalo mimi sikuliuliza kwa miezi minane: "Mbele yetu tutegemee nini?" Sikuliuliza kwa sababu niliona kuuliza ni kuonyesha shaka. Daktari naye, alipoona nabadilisha mazungumzo kila mara, akaniacha. Naamini alikuwa na mengi ya kutuambia.

Fedha ziliisha haraka kuliko nilivyofikiri. Akiba ikaenda, kiwanja tulichokuwa tumekinunua kwa ajili ya watoto kikaenda, kisha tukaanza kukopa kwa ndugu na kwa marafiki wa kanisani. Sikuandika popote nani ametupa nini, wala kipi ni zawadi na kipi ni deni. Jambo hilo liliniletea aibu baadaye, watu wazima walipokuja kuniuliza kwa upole kuhusu fedha ambazo mimi sikuzijua kabisa, kwa kuwa walimkopesha yeye. Daftari moja tu lingetosha.

Kanisa lilisimama nasi. Hilo nalisema kwanza, kwa kuwa nitakayoyasema baadaye yanaweza kuonekana kama malalamiko dhidi ya watu wa Mungu. Kuna akina mama waliofua nguo zetu. Kuna kijana aliyempeleka mume wangu kwenye mashine kila Jumamosi bila kukosa, akakaa naye saa zote nne wakizungumza habari za mpira. Kikundi cha maombi kilikuja nyumbani kila Jumatano. Bila wao nisingefika popote.

Lakini pamoja na upendo huo likaja fundisho ambalo mimi nililipokea kwa njaa. Nilifundishwa Mithali 18:21, kwamba mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Nikaambiwa nikiri uzima, nisitaje ugonjwa kwa jina, nisiseme "mume wangu ni mgonjwa" bali niseme "mume wangu anapokea uponyaji." Nikabandika mistari ukutani kila chumba. Mstari huo ni Neno la Mungu na ninauheshimu hadi leo. Ila mimi niliugeuza kuwa kufuli. Nilianza kuamini kwamba uhai wa mume wangu unategemea mimi nisiteleze hata neno moja, na hakuna binadamu anayeweza kubeba mzigo kama huo akabaki mzima. Usiku nilikuwa naamka kuomba toba kwa sababu nilikuwa nimeota mazishi.

Mwezi wa sita akaja mhubiri mgeni. Kwenye ibada alimwita mume wangu mbele, akamwekea mikono, akatangaza kwamba Bwana amempa figo mpya. Kanisa zima likalipuka kwa shangwe. Mume wangu alilia, nami nililia. Tulitoa sadaka ya shukrani, mbegu kama ilivyoitwa, karibu sawa na gharama za mwezi mzima za matibabu. Kisha tukaambiwa kwamba kurudi kwenye mashine ni kumwambia Mungu hatujaamini. Jumanne hatukwenda. Alhamisi hatukwenda. Simu ya hospitali ilipoita sikuipokea.

Usiku wa Ijumaa alianza kukohoa, halafu akawa hawezi kulala, halafu akawa hawezi kukaa. Maji yaliyopaswa kutolewa na mashine yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Tulimfikisha hospitali alfajiri, midomo ikiwa imebadilika rangi. Daktari wa zamu alieleza kwamba madini ya potasiamu kwenye damu nayo yamepanda kiasi ambacho moyo ungeweza kusimama wakati wowote. Walimwokoa. Muuguzi mmoja aliniuliza, bila ukali, "Mama, nini kilitokea?" Sikuwa na la kumjibu.

Nasema kwa herufi zote: usimwachishe mgonjwa matibabu kwa sababu ya tangazo la mtu yeyote, awe na upako kiasi gani. Kama Mungu ameponya, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema mashine haihitajiki tena. Wakoma kumi wa Luka 17 waliambiwa na Yesu mwenyewe wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kuwakagua na kuthibitisha. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Hilo ningelijua tangu mwanzo kama ningesoma sura nzima badala ya mistari iliyobandikwa ukutani.

Mhubiri yule alikuwa ameshaondoka. Baadhi ya wapendwa walitueleza kwa huruma kwamba muujiza ulikuwepo ila tuliupoteza, kama Petro alipotazama upepo akaanza kuzama. Mume wangu hakukubali. Alisema tu, "Sisi tulifanya ujinga, Mungu akatuhurumia." Mimi ndiye niliyekubali, na kuanzia hapo nikawa mlinzi wa maneno ndani ya nyumba. Mtoto akiuliza kama baba atakufa, namkemea. Mgeni akisema "pole," namsahihisha. Ndivyo nilivyofika kwenye jioni ile na kiganja changu kikawa juu ya mdomo wake.

Alikufa hospitalini, kabla ya kupambazuka, siku ambayo hakutakiwa kwenda kwenye mashine. Moyo ulisimama. Nilikuwa nimetoka kwenda kuchota maji ya kunywa. Sitaandika zaidi kuhusu saa ile.

Kilichofuata baada ya mazishi ni wiki za kugundua vitu nisivyovijua. Sikujua namba ya siri ya simu yake. Sikujua nyaraka za kazi yake ziko wapi, wala alimkopesha nani, wala angependa mtoto wetu mkubwa asome wapi. Haya ndiyo aliyotaka kuniambia? Au alitaka kuniambia nisibaki peke yangu? Au kwamba anaogopa? Kati ya yote niliyopoteza, kutojua huko ndiko kunakoniuma hadi leo. Fedha zinaweza kutafutwa tena.

Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Usiku mmoja alikuja kitandani kwangu akauliza, "Mama, kwani tuliomba vibaya?"

Sikuweza kumjibu. Nilimkumbatia tu. Lakini swali lile lilinifanyia kazi kwa miezi, maana lilikuwa swali langu mwenyewe, na mtoto alikuwa amethubutu kulitamka. Jibu la kwanza ambalo sikuona haya kumpa nilikuja kulipata kwenye Matendo ya Mitume sura ya 12. Mwanzoni mwa sura Herode anamuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Mistari michache mbele malaika anamtoa Petro gerezani, minyororo inaanguka, lango linafunguka lenyewe. Sura moja, kanisa moja, Mungu mmoja. Haisemwi popote kwamba Yakobo aliombewa vibaya au alikuwa na imani haba. Nilimsomea binti yangu yote mawili, nikamwambia, "Baba alikuwa kama Yakobo." Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mama yake Yakobo naye alilia." Nikasema ndiyo, lazima alilia.

Kabla ya kufika hapo, hata hivyo, niliacha kuomba. Sikuamua kuacha. Nilikuwa napiga magoti na maneno hayaji, kwa kuwa lugha yote niliyoijua ya kuomba ilikuwa lugha ya kutangaza ushindi, na ushindi haukuwapo. Kanisani nilikaa viti vya nyuma, nikatoka kabla ya baraka ili nisikutane na watu. Nilisikia wimbo wa sifa ukiimbwa nikahisi hasira iliyonitisha. Nilianza kuamini kwamba imani yangu imekufa na kwamba ninachofanya ni kuizuia tu isizikwe.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee wa kanisa, mjane wa miaka mingi. Alikuja alasiri, akakaa. Hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa. Alikaa karibu saa nzima, akanisaidia kukunja nguo, kisha akauliza, "Mwanangu, umewahi kusoma Zaburi ya 88?" Nikasema sijui. Akaisoma kwa sauti, polepole, na miwani yake ikimteleza. Nilisubiri ile sehemu ambapo mtunzi angegeuka na kusema "lakini nitamsifu Bwana," kama zaburi nyingi zinavyofanya. Haikuja. Zaburi ile inaishia gizani, marafiki wameondolewa, basi. Alipofunga Biblia nikamwambia, "Imeishia hapo?" Akasema, "Imeishia hapo. Na imo kwenye Biblia."

Sijui kama naweza kueleza kilichotokea ndani yangu. Ni kana kwamba mtu alinifungulia mlango wa nyuma wa nyumba ambayo nilidhani nimefukuzwa. Mtu aliyeandika maneno yale hakuwa na tumaini lolote la kuonyesha, na bado alikuwa anamwandikia Mungu. Hakumgeukia mwingine. Malalamiko yake yote yanaanza na "Ee BWANA." Kama hiyo ni sala, basi hata mimi naweza kusali.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma zaburi za kulia, na ni nyingi kuliko nilivyowahi kufundishwa. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 13. Nilisoma kitabu kizima kinachoitwa Maombolezo. Nilimsoma Yeremia akiilaani siku aliyozaliwa. Niliona kwamba Bwana mwenyewe, msalabani, hakutafuta maneno ya ushindi, alichukua mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ninawashauri sana walio gizani: msilazimishe kuimba nyimbo za furaha ambazo koo linazikataa. Someni zaburi hizi kwa sauti, chumbani, hata kama ni kwa hasira. Mungu aliyaweka maneno hayo tayari kwa ajili ya siku ambayo yetu yangekwisha.

Ni katika kusoma huko ndipo nilipojikuta uso kwa uso na jioni ile. Mathayo 16. Yesu anaanza kuwaeleza wanafunzi wake kwamba atateswa na kuuawa. Petro anamchukua kando na kumkemea: "Hasha, Bwana, hayo hayatakupata." Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba kuna mtu anayependwa anajaribu kuzungumzia kifo chake, na rafiki anayempenda anamziba mdomo. Kwa jina la imani. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi.

Kisha nikaanza kuhesabu walioachwa waseme. Yakobo yule wa kitabu cha Mwanzo aliwaita wana wake kumi na wawili, akasema na kila mmoja, akaagiza atakapozikwa. Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa; akamlilia Mungu akaongezewa miaka 15, kwa hiyo kuambiwa habari ya kifo hakukumfunga Mungu mikono. Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Na Paulo, katika 2 Timotheo sura ya 4, anasema wazi kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, na mistari michache baadaye anamwomba Timotheo amletee lile joho aliloliacha Troa, na vitabu. Anazungumza kuhusu kufa kwake na joho lake katika barua moja. Mume wangu alitaka hicho tu, azungumze kama Paulo alivyozungumza.

Kwa hiyo kama una mgonjwa, nakusihi: omba uponyaji kwa nguvu zako zote, na umwache aseme. Haya mawili hayagombani. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Waliyasema yote mawili kwa pumzi moja, na hakuna aliyewaambia wametoboa imani yao. Mgonjwa akianza kusema "nikiondoka," vuta kiti. Mwulize anaogopa nini. Mwulize angependa watoto wakumbuke nini. Ombaneni msamaha. Andikeni yaliyo ya kuandikwa. Akipona, mtakuwa mmezungumza mambo mazuri na hamjapoteza kitu.

Kuna upande mwingine nilikaribia kuuruka kwa aibu. Miezi minne baada ya msiba nilikuwa nalala saa mbili kwa usiku, nimepungua mwili, na nilianza kuwaza kwamba watoto wangelelewa vizuri zaidi na dada yangu, mimi nisipokuwepo. Nilidhani ni tatizo la kiroho, nikajaribu kufunga. Dada yangu alipogundua, alinizuia kufunga na kunipeleka kwa daktari, ambaye alinipa dawa na kunielekeza kwa mshauri. Baadaye nilimsoma tena Eliya katika 1 Wafalme 19. Anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe: "Yatosha." Na Mungu hamkemei. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamlisha tena. Mahubiri yanakuja baadaye sana, mlimani. Ikiwa mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, mwambie mtu leo, na umwone daktari. Kumwona daktari ni kukubali ule mkate.

Watu huniuliza imani ilirudi lini. Sina tarehe ya kuwapa. Kwa karibu mwaka mzima sala yangu ilikuwa sentensi moja tu, ya yule baba wa Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Niliisema asubuhi nikiamka na usiku nikizima taa. Sikuhisi chochote. Ilinisaidia kujua kwamba Mama Teresa, ambaye dunia nzima ilimwona kama taa, aliishi miongo mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu. Tuliyajua hayo kutokana na barua zake zilizotolewa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Aliendelea kuamka na kuhudumia wagonjwa katika hali hiyo. Nikajiambia kwamba kutohisi si ushahidi kwamba nimeachwa.

Niliendelea kwenda ibadani hata nilipokuwa siimbi. Nilikuwa nasimama na kusikiliza wengine wakiimba yale ambayo mimi siwezi. Wale watu wanne wa Marko 2 walimshusha mwenzao aliyepooza kwa kutoboa dari, na Biblia inasema Yesu aliiona imani "yao." Kuna majira ya kubeba na majira ya kubebwa juu ya godoro. Kama wewe ndiye uliyelala, usijitenge na wabebaji. Chagua wawili watatu ambao hawatakuhubiria, uwaambie waziwazi: "Mimi siwezi kuomba sasa, niombeeni ninyi." Mimi nilichelewa kufanya hivyo kwa sababu niliogopa kuonekana nimerudi nyuma.

Na ninyi mnaowatembelea wafiwa, rafiki zake Ayubu walikuwa sahihi kwa siku saba, walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa kueleza sababu. "Mungu alimpenda zaidi" ni sentensi iliyomfanya binti yangu amwogope Mungu kwa muda mrefu. Semeni pole. Mtajeni marehemu kwa jina. Rudini baada ya miezi mitatu, wageni wakiwa wamekwisha.

Hatia ya jioni ile nayo haikuondoka kwa siku moja. Mchungaji wetu, nilipomweleza hatimaye, hakuniambia kwamba sikukosea. Alinisomea Yohana 21, pale Yesu anapomwuliza Petro mara tatu, "Wanipenda?" Petro yuleyule wa "Hasha, Bwana." Akaniacha nayo. Jioni moja nilikaa upande wangu wa kitanda, nikamwambia Mungu kile ambacho ningemwambia mume wangu: kwamba nilimziba mdomo kwa sababu niliogopa, na nikaita woga wangu imani. Nilisema kwa sauti. Kisha nikasema, "Endelea, baba watoto, nakusikiliza." Chumba kilikuwa kimya. Nililala usiku ule mpaka asubuhi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Swali langu la kwa nini halijajibiwa. Naamini bado kwamba Yesu alifufuka, na kwa sababu hiyo naamini nitamwona mume wangu. Siku nyingine naamini kwa moyo wote, siku nyingine kwa uzi. Mistari niliyoibandika ukutani niliitoa nilipopaka rangi, nikaurudisha mmoja tu, Maombolezo 3:22, kwamba ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii. Aliyeuandika alikuwa anautazama mji ulioteketea.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi chetu alinisubiri nje baada ya ibada. Mume wake ana saratani, imesambaa. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama dhambi, kwamba usiku uliotangulia mumewe alianza kuzungumza habari za kuwaacha, na yeye akamkatiza kwa kuanzisha wimbo. Akauliza kama alifanya vibaya. Nikamwambia habari ya kiganja changu, yote. Tulisimama pale mpaka watu wakaisha.

Kesho yake alfajiri alinitumia ujumbe: "Jana nilivuta kiti. Ameongea mpaka saa saba usiku. Tumelia, tumecheka, tumeomba apone." Nimeuhifadhi. Ninawaombea wote wawili kila asubuhi, kwa majina.